Neno la siri analo mtoto, mzazi ana nini?

Mwezi uliopita tulikaa jikoni kwa mzee mmoja Mkongo mjini Louisville, Kentucky. Ni mtu wa Uvira, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Alikuwa ametoka kazi ya usiku, kazi ya kubeba boksi, na boksi tunalolisema hapa ni boksi la kweli, siyo ule utani wetu wa ughaibuni. Simu yake ikalia. Ujumbe wa shuleni. Akamwita kijana wake wa darasa la saba, akampa simu asome. Kijana akatazama kidogo, akasema: "Papa, banasema niko nafanya muzuri." Mzee akamshukuru Mungu, simu ikarudi mezani.

Tukaomba tuione. Ujumbe ulisema kijana hajapeleka kazi tano za hesabu, na mwalimu anaomba kuonana na mzazi wiki hiyo hiyo.

Tulimwambia mzee ukweli, kijana akiwa amesimama pale pale. Hatukufurahia kufanya hivyo. Lakini kilichotushangaza zaidi ya uongo wa mtoto (na nani kati yetu hakuwahi kuficha ripoti ya shule?) ni kwamba programu ile ya simu inaweza kutafsiri kwa Kiswahili. Inaweza! Ila aliyefungua akaunti ya baba ni mtoto mwenyewe, lugha aliyoichagua ni Kiingereza, na neno la siri analo yeye. Baba ni mwenye simu tu.

Ndugu wasomaji, kisa hiki si cha nyumba moja. Tumekisikia kwa sura nyingine Columbus, Ohio, kwa akina mama wa Kisomali waliokulia Dadaab na Nairobi na ambao Kiswahili chao ni safi kuliko cha baadhi yetu. Tumekisikia Buffalo, New York, upande wa magharibi wa mji ambako Wakongo na Warundi wamejaa. Kote huko watoto wetu wamepewa Chromebook na shule, kazi zinatolewa humo, zinasahihishwa humo, maksi zinawekwa humo, na barua kwa mzazi zinapitia humo. Shule imehamia kwenye kioo. Mzazi aliyezoea kuona shule kama mahali penye geti, kengele na daftari lenye wino mwekundu ameachwa nje, na wala hajui kama ameachwa.

Wenye kumbukumbu wataikumbuka ilivyoanza. Wilaya ya shule ya Jefferson, ambayo ndiyo Louisville yenyewe na ina wanafunzi zaidi ya 90,000, ilianza kufundisha kwa kompyuta tarehe 7 Aprili 2020 kwa sababu ya korona, na watoto hawakurudi madarasani mpaka Machi 2021. Wengi tulidhani korona ikiisha kompyuta nazo zitarudishwa. Hazikurudishwa. Walimu wa Columbus walipogoma Agosti 2022, mgomo wao wa kwanza tangu 1975, mwaka wa masomo ulifunguliwa hivyo hivyo kwa kompyuta, walimu halisi wakiwa barabarani na mabango yao. Na Buffalo ilitokea kinyume chake: tarehe 12 Machi 2021 wahalifu wa mtandao waliziteka kompyuta za shule za mji, na masomo yakasimama mpaka wiki iliyofuata. Mitambo imefungwa, shule imefungwa. Hapo ndipo mtu anapojua shule iko wapi siku hizi.

Hatuandiki kulaani kompyuta. Miji yote mitatu ina shule zinazopokea watoto wageni: Louisville ina Newcomer Academy, Columbus ina Global Academy, Buffalo ina Lafayette International. Mwalimu wa shule hizo anasimama mbele ya darasa lenye Kiswahili, Kiarabu, Kihispania, Kisomali na Kinepali kwa pamoja. Mkalimani wa kila lugha atampata wapi, na kwa kila kipindi? Chombo kinachomsomea mtoto ukurasa kwa sauti, kikamwonyesha picha ya neno, kikamruhusu kurudia mara kumi bila kuchekwa na wenzake, ni neema. Sisi wenyewe tulijifunza Kiingereza kwa kukariri kitabu tusichokielewa, fimbo ikiwa mezani.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mtoto aliyetoka Kakuma mwaka huu, ambaye hajawahi kushika kipanya cha kompyuta, anapimwa Kiingereza chake mbele ya mashine. Kentucky wana mtihani uitwao ACCESS, Ohio wana wao uitwao OELPA, na yote miwili hufanywa kwenye kompyuta. Mtoto anavaa hedifoni, anaulizwa na sauti isiyo na mtu, anajibu hewani. Sasa hapo kinachopimwa ni Kiingereza au ni woga? Na wapo watoto waliokwisha kugundua njia ya mkato: swali linaingia kwenye programu ya kutafsiri, linatoka Kiswahili, jibu la Kiswahili linaingia, linatoka Kiingereza safi. Kazi imekwisha, maksi zimepatikana, mtoto hajajifunza hata neno moja. Mzazi anaona maksi. Anafurahi.

Tugeukie tafsiri yenyewe, maana shule zinaitegemea mno. Google waliingiza Kiswahili katika chombo chao cha kutafsiri mwaka 2009. Kinyarwanda kikafuata 2020, Kilingala 2022, Kirundi 2024. Tunashukuru. Lakini Kiswahili cha mashine ni cha nani? Mama mmoja wa Buffalo alituonyesha ujumbe uliomtaka aweke "nywila" yake. Nywila! Alidhani ni habari za nywele za mtoto. Yeye kwao Bukavu anasema mo-de-pasi, sisi wa Dar tunasema neno la siri au pasiwedi, na wataalamu waliolitunga hilo neno sijui kama wenyewe huwa wanalitumia wakiwa nyumbani. Mtu wa Kivu husema kaye, mashine inamwambia daftari. Kwa ujumbe wa kwamba kesho kuna theluji, hapana neno, ataelewa. Kwa karatasi ya kumhamishia mtoto darasa la mahitaji maalumu, au barua ya kumfukuza shule kwa siku tatu, ujumbe wa namna hiyo ni hatari, na mzazi anaweka sahihi.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, ilisema kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha bila kumsaidia si usawa. Kutokana na misingi hiyo shule inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mwongozo wa serikali wa 2015 ulikuwa umefafanua hata suala la tafsiri za mashine, na la kutowatumia watoto kama wakalimani. Mwongozo huo ulifutwa mwaka 2025. Sheria yenyewe haijafutwa. Kwa hiyo mzazi bado anayo haki ya kusema: naomba mkalimani, mtu, na bila malipo. Aseme hivyo kwa kinywa chake, akiweza kwa maandishi, kabla ya kikao na siyo baada yake.

Ndugu zetu wa nyumbani mnaotusoma mkiwa Mwanza, Mombasa au Goma, msidhani haya ni ya huku tu. Kenya waliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza mwaka 2013 na zikaanza kufika shuleni 2016. Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Tulisoma mengi juu ya idadi ya mashine na bei yake. Juu ya mzazi atakayeuliza humo ndani mna nini, tulisoma kidogo sana.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo tungependa livuke bahari. Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizoanzia Tanzania mwaka 2014, zinapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiswahili. Tumeona mama akiangalia na mwanawe sehemu ya hesabu za mafungu, na safari hii mama ndiye aliyekuwa akimweleza mtoto maneno. Kwa dakika ishirini mwalimu alikuwa mama, mtoto akawa mtoto. Walimu wa Louisville na wenzao wangeijua, wangeituma nyumbani badala ya karatasi tunazozitupa.

Lakini tusiwatwishe walimu kila kitu. Vyama vyetu vinajua kuchangishana msiba kwa siku mbili na kujaza ukumbi siku ya uhuru. Vinashindwaje kutenga Jumamosi moja, kanisani au msikitini, kila mzazi aje na simu yake, afunguliwe akaunti kwa jina lake, lugha ibadilishwe, neno la siri alichague yeye? Kazi ya robo saa kwa mtu mmoja. Vijana wetu wa vyuo wapo, wanazijua programu hizi usingizini. Gharama nayo isisahauliwe: ile ruzuku ya serikali ya dola 30 kwa mwezi ya kulipia intaneti ilikoma Juni 2024, na tunazijua nyumba ambazo tangu hapo intaneti ni ya simu moja, na simu hiyo huondoka na baba kazini.

Yule mzee wa Louisville sasa ana neno lake la siri. Alilichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kijana akiwa ameambiwa ageukie ukutani. Alhamisi anakwenda kuonana na mwalimu wa hesabu. Ameomba mkalimani, na wamemjibu kwamba atakuwepo kwa njia ya simu. Kijana naye atakwenda, ila kazi yake siku hiyo ni kukaa na kusikiliza.