Maua ya Uani Hupokezana



Vitabu vya bustani vinavyotoka Ulaya husimulia majira ya kuchipua, pale theluji inapoyeyuka na maua yakaanza kufuatana, hili likinyauka lile likifunguka. Sisi watu wa pwani hatuna theluji, lakini mfuatano huo tunao. Wetu huongozwa na mvua na pepo zetu mbili, kusi na kaskazi.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizijua zamu za maua ya uani kwake kama alivyozijua tabia za wanawe. Mvua za kwanza za masika, mnamo Aprili, zilipovunja kiu ya kiangazi, mndimu na mlimau vilitangulia. Miti hiyo hupumzika wakati wa ukavu, na maji yakishafika mizizini huchanua kwa pamoja. Mhina ulifuata kwa vishada vyake vya maua madogo yenye harufu ya kulevya. Mwasumini nao ulichipuza matawi mapya, kwani matumba yake huzaliwa kwenye ncha za matawi machanga.

Kusi iliposhika na hewa ikapoa, mnamo Juni hadi Agosti, ilikuwa zamu ya mrihani. Mama aliuvunja ncha kila juma kabla haujafunga mbegu, maana rihani ikishazaa mbegu majani yake hupungua. Miezi hiyo hiyo mwembe ulivaa maua yake ya manjano, nasi tukaanza kuhesabu siku za maembe. Vuli ya Oktoba na Novemba ilituletea tena maua ya ndimu na asumini. Kisha kaskazi ikashika, jua likawaka, na bogenvilia ya ukutani ikajitokeza, maana hiyo huchanua zaidi inapokuwa na kiu. Mama alipenda kutuonyesha kwamba hayo tuyaitayo maua yake ni majani yaliyovaa rangi, na ua lenyewe ni kile kidogo cheupe kilichofichwa ndani.

Hata siku moja ilikuwa na zamu zake. Matumba ya asumini tuliyachuma baada ya alasiri, yangali yamefumba, tukayatunga kwa uzi. Magharibi ilipoingia yalifunguka yenyewe, na nyumba nzima ikanukia.

Mama alipofariki, elimu hii aliondoka nayo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeiandika. Mwaka wa kwanza tulitaka kusafisha ua. Tukachukua panga katikati ya jua la Februari, tukakata mimea yote kwa siku moja, tena karibu na ardhi, na baada ya hapo hatukuimwagilia maji ipasavyo. Mhina ulipona. Mwasumini ulikauka. Mmoja wetu akasema kwamba maadamu maua yamekwisha, ni heri sehemu ile itiwe saruji na kijengwe chumba cha kupangisha. Hatukuwa na jawabu, kwa sababu kodi ya nyumba ni fedha, na ua lililokauka si kitu.

Mwaka huo huo tukamwoza binti wa ndugu yetu. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, asumini ya vikuba ikanunuliwa sokoni, nayo ilifika imekwisha kunyauka. Usiku ule ndipo tulipolia kilio ambacho siku ya maziko hatukukipata.

Masika yaliyofuata, jirani yetu wa miaka mingi alibisha hodi akiwa na kopo la maziwa lenye udongo na kijiti chenye majani manne. “Wanangu,” alisema, “hii ni ya mama yenu. Alinikatia tawi mwaka niliohamia hapa, akanambia, siku yangu ikikauka utanirudishia.” Tulikipokea kile kijiti kwa mikono miwili. Hivi leo kimefika dirishani, na chumba cha kupangisha hakijajengwa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia kwamba anayepewa rihani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Tawi la ua nalo ni jepesi kubeba, na amana ya mama yetu ilihifadhika kwa sababu aliwahi kuitoa.

Kwa hiyo, akina mama na dada zetu, mvua hizi zisipite bure. Kateni tawi la asumini lisilo changa mno wala gumu mno, urefu wa shibiri, chini kidogo ya kifundo. Ondoeni majani ya chini, mlichomeke kwenye udongo wenye unyevu, mliweke kivulini mpaka lichipuze. Mti mkubwa ukateni baada ya maua kwisha, si wakati wa jua kali, wala msiukate wote kwa mara moja. Anayelazimika kutia saruji uani na abakishe japo sehemu ya upana wa sinia, au apande katika ndoo iliyotobolewa chini.

Na walio na wazazi hai, ketini nao jioni moja na daftari. Waulizeni ua gani hutangulia, lipi hufuata, na nani aliwapa mbegu yake. Kisha mkatieni jirani tawi moja, kwani siku moja huenda likarudi mlangoni kwenu.

Mola awarehemu waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu harufu njema na mapenzi. Wassalaam.