Daftari Jema kwa Kalamu ya Wino



Wazee walituachia methali isiyochakaa: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huikumbuka wanapohesabu franga za duka au magunia ya mihogo. Lakini mali ya jamaa si franga tu. Siku mtoto alipozaliwa, jina la msimamizi wake wa ubatizo, mipaka ya shamba aliyoionyesha babu, deni lililolipwa na deni lililobaki, maneno aliyoyasema mama kabla ya kufa: hayo nayo ni mali, nayo hupotea yasipoandikwa. Ziko jamaa zilizogombana miaka mingi kwa ajili ya kipande cha shamba, wala si kwa kuwa watu wake walikuwa waongo, bali kwa kuwa mwenye kuijua habari alikufa bila kuandika neno. Tena ziko nyumba ambamo baba aliandika kwa uaminifu, ila katika daftari baya na kwa wino dhaifu. Mvua moja ikavuja darini, na kazi ya miaka ikawa doa la buluu.

Kwa hiyo juma hili twataka kuzungumza juu ya chombo chenyewe, yaani daftari, ambalo wengi wetu twaliita kaye. Twasema hasa na wale wapendao kalamu ya wino, ile yenye ncha ya chuma na tangi dogo ndani yake, na wale wanaotaka kuandika habari zao za kila siku. Wanafunzi nao wasikilize, maana mengi ya haya yatawafaa darasani.

Tabia ya kalamu ya wino

Babu zetu shuleni walichovya kalamu katika kidau. Kalamu yenye kubeba wino wake ilitafutwa na mafundi wengi. Anayetajwa zaidi ni Lewis Edson Waterman wa New York, aliyepewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1884. Wino wa kalamu hiyo karibu wote ni maji. Hushuka katika mfereji mwembamba mpaka kwenye ncha, na karatasi ndiyo inayouvuta. Mkono haulazimiki kukandamiza. Wamtosha kuiongoza kalamu tu. Ndiyo sababu mtu huweza kuandika kurasa nyingi bila kuchoka vidole.

Biki ni chombo cha namna nyingine. László Bíró, mzaliwa wa Hungaria, aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1938, na Mfaransa Marcel Bich akaanza mwaka 1950 kuuza kalamu ya namna hiyo kwa bei ndogo. Wino wa biki ni mzito, una mafuta, na kijipira kidogo huupaka juu ya karatasi. Basi biki hukubali karibu kila karatasi. Kalamu ya wino huchagua.

Kwa nini huchagua? Karatasi ni nyuzi nyembamba za mimea zilizoshikana. Katikati ya nyuzi mna nafasi ndogo sana, na maji hukimbia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Wenye viwanda hutia namna ya gundi ili kuzuia mbio hizo. Gundi ikiwa haba, wino hutambaa huku na huku kama mizizi, herufi hunenepa, na maandishi hupenya mpaka upande wa pili, hata usiweze kuutumia. Gundi ikiwa nyingi, herufi hubaki safi, lakini wino hukawia kukauka, na mkono ukipita juu yake huuchafua ukurasa. Daftari jema hukaa kati ya hayo mawili.

Uzito si ushahidi wa kutosha

Wauzaji hupenda kusifu uzito. Karatasi hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Ile ya kawaida ya ofisi huwa na gramu 80, na madaftari yanayosifiwa kwa kalamu ya wino, kama yale ya Clairefontaine ya Ufaransa, huwa na gramu 90. Ni kweli kwamba karatasi nene haionyeshi upesi maandishi ya upande wa pili. Lakini unene peke yake haumzuii wino kutambaa. Huko Japani ilitengenezwa karatasi iitwayo Tomoe River, yenye gramu 52 tu, nyembamba kama karatasi za misale, na wino hautambai juu yake. Kinyume chake, twaona madaftari manene sokoni yanayokunywa wino kama mchanga. Msinunue kwa macho wala kwa vidole tu. Jaribuni.

Jaribio la dakika mbili

Mwombe mwenye duka ruhusa ya kuandika katika ukurasa wa mwisho. Asipokubali, nunua daftari moja kwanza, ulijaribu nyumbani, ndipo ununue mengine ya aina ile ile. Fanya hivi:

1. Andika jina lako na tarehe kwa kalamu utakayoitumia kila siku, si kwa nyingine. Tazama kando za herufi. Je, ni laini, au zina vijizizi?

2. Weka ncha juu ya karatasi bila kuisogeza, uhesabu mpaka tatu. Nukta ikizidi kupanuka, karatasi ni dhaifu.

3. Hesabu mpaka kumi, kisha pitisha kidole juu ya maandishi. Wino ukifuatana na kidole, utahitaji karatasi ya kukaushia, hasa wewe uandikaye kwa mkono wa kushoto.

4. Geuza ukurasa. Ukiona kivuli tu cha maandishi, si kitu. Ukiona vidoa vya wino wenyewe, utapoteza nusu ya daftari, na bei yake itakuwa kama mara mbili.

Na kama daftari la duka lenu halifai? Basi badili kalamu kabla ya kukata tamaa. Ncha nyembamba hutoa wino kidogo, nayo huvumiliwa na karatasi ambayo ncha pana ingeiharibu. Na pasipo njia nyingine, andika kwa biki. Afadhali biki katika daftari imara kuliko kalamu ya fahari katika karatasi isiyohifadhi neno.

Mshono, jalada na mistari

Kwa daftari la kumbukumbu, mshono ni wa maana kama karatasi. Tazama mgongo wa daftari kutoka juu. Ukiona mafungu madogo ya kurasa zilizokunjwa, na katikati ya kila fungu uzi, hilo limeshonwa. Hulala wazi mezani na kudumu miaka mingi. Lililobandikwa kwa gundi tu huweza kuachia kurasa likifunguliwa mara nyingi. Lile la pini mbili za chuma lafaa kwa mazoezi ya shule, lakini pini hupata kutu mahali penye unyevu, na ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili hulegea. Lile la waya uliozungushwa lafaa kwa hesabu za muda. Kurasa zake hung'oka kwa urahisi, na daftari la jamaa halitakiwi kung'olewa kurasa. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa kutia namba katika kila ukurasa tangu siku ya kwanza. Ukurasa ukiondolewa, wote watajua.

Kuhusu mistari, watoto wetu wengi wanaijua ile ya viboksi vya milimita 8, vilivyogawanywa kwa mistari myembamba ya milimita 2. Ilitungwa na Jean-Alexandre Seyès, mwuza vitabu wa Pontoise, Ufaransa, mwaka 1892, na mpaka leo humfundisha mtoto urefu wa kila herufi. Mtu mzima atachagua apendavyo, lakini kwa ncha pana asichukue mistari iliyobanana. Ukubwa wa milimita 148 kwa 210, uitwao A5, hutosha kwa mkono na huingia katika mfuko bila kukunjwa.

Wino nao utazamwe

Wino wa buluu wa wanafunzi hufutika kwa maji. Ulitengenezwa hivyo ili nguo na mikono isafishike. Ni mwema kwa mazoezi, si kwa tarehe ya kuzaliwa mtoto. Wino ulio na chuma ndani yake, wa buluu inayoelekea weusi, huzidi kuwa mweusi ukipata hewa, nao hustahimili maji. Waandishi wa Ulaya walitumia wino wa jamii hiyo kwa karne nyingi. Lakini chukueni ule uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu yenye tangi, na kuiosha kalamu mara kwa mara kwa maji baridi. Wino wa kuchorea, ulio mzito na wenye utomvu, msiutie kamwe. Hukauka ndani na kuiziba kalamu.

Tena karatasi hafifu, kama ile ya magazeti, hugeuka njano na kuvunjika kadiri miaka inavyopita. Ukikuta daftari lililoandikwa kwamba karatasi yake haina asidi, hilo litaishi zaidi.

Tuandike nini?

Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha ndoa, wakiandika majina ya waliooana na ya mashahidi, siku na mahali, na kukitunza kwa uangalifu. Baba na mama wa nyumba hawatapata mfano ulio bora. Kila habari iwe na majina kamili, siku, mahali na mashahidi. Ikiwa ni deni au mpaka wa shamba, pande zote mbili watie sahihi. Lakini daftari la nyumbani halichukui nafasi ya hati. Sheria ya Jamhuri yetu ya Kidemokrasia yataka mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Daftari litakukumbusha siku hizo kabla hazijapita.

Daftari la moyo ni jambo jingine, nalo liwe kando. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliagizwa na mkuu wake, aliyekuwa pia dada yake, kuandika kumbukumbu za utoto wake. Mwaka 1895 akaandika katika madaftari ya shule, saa za jioni, baada ya kazi za monasteri. Mwaka 1897 alikuwa akiandika tena, na nguvu zilipomwishia hata kushika kalamu ya wino, akamaliza kurasa za mwisho kwa kalamu ya risasi. Alikuwa na miaka 24 alipokufa mwaka huo. Mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pius XI akamfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakufika misioni yoyote. Maneno yake yalifika. Na Mtakatifu Papa Yohane XXIII alianza kuandika daftari la roho yake mwaka 1895, akiwa kijana wa seminari huko Bergamo, akaendelea maisha yake yote. Likachapishwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Wengi wetu hatutaandika kama hao, lakini mistari mitatu kila jioni yatosha: jambo la kumshukuru Mungu, jambo lililonishinda, jambo la kufanya kesho. Msiandike siri za watu wengine. Nanyi wazazi, msifungue daftari la moyo la mwanao ili kumpeleleza. Atakayeona siri yake imesomwa hataandika tena, wala hatakuambia kitu.

Kulitunza

Adui wa daftari katika nchi yetu ni unyevu, mchwa na moshi. Liweke katika sanduku la bati lenye kifuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta wenye majimaji na mbali na jiko. Usilifunge katika mfuko wa plastiki likiwa na unyevu, maana litapata ukungu. Siku za jua, lifungue upate hewa kivulini, si juani, kwani jua hufifisha wino. Mwenye simu apige picha za kurasa za maana na kumpa ndugu aliye mbali. Simu huibwa na kuharibika, na daftari huungua. Vyote viwili pamoja havipotei kwa urahisi.

Tena wawili nyumbani wajue sanduku liko wapi. Baba akilificha peke yake, siku ya msiba mjane atalitafuta bure, na shemeji wenye haraka watasema halikuwepo.

Jumapili hii baada ya Misa, tafuteni nusu saa. Mama ataje, mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike: majina ya watoto wote, siku walipozaliwa, siku walipobatizwa na jina la parokia. Mahali msipokuwa na hakika, acheni nafasi, kisha mkamwulize padri atazame katika kitabu cha ubatizo. Msingoje mpaka mtoto atakapohitaji hati ya mtihani, au mpaka bibi ajuaye yote atakapokuwa amelazwa.