Wajenga ndege, tuambieni kwanza injini mtaipozaje

Kila anayepita Malaba, Gatuna au Rusumo ameliona lori lililosimama kando ya mlima, kabini imeinuliwa, utingo ameshika dumu la maji na dereva anangoja mvuke upungue. Tunasema gari limechemsha. Baada ya muda maji yanaongezwa, safari inaendelea. Hasara ni kuchelewa, na pengine nyanya chache kuoza.

Sasa ndugu msomaji, ichukue injini hiyo uipandishe angani, ichemshe ukiwa futi 1,000 juu ya mashamba ya watu. Huko hakuna kando ya barabara.

Nasema hivi kwa sababu hasa tangu miaka ya 2010 tumesoma habari za vijana wa Kenya na Uganda wanaojiundia ndege nyumbani, baadhi yao kwa injini za magari. Watu huwapigia makofi na kuwapiga picha. Ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo huombwa mchango, na mfanyabiashara wa mpakani huombwa atafute injini ya mtumba. Mimi sipingi juhudi hizo. Ninachopinga ni kwamba sote tunauliza swali moja tu: injini ina nguvu za farasi ngapi? Hakuna anayeuliza itapozwaje.

Tuwatazame waliotutangulia. Nchini Marekani chama cha watu wanaojiundia ndege, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na tangu 1970 hukusanyika kila mwaka mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Sheria yao humruhusu mtu kujiundia ndege mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wasio wafanyabiashara, kwa kujifunza au kujiburudisha. Kwa kuwa injini halisi ya ndege ni ghali mno, baadhi yao huchukua injini ya rota ya Mazda, ile 13B iliyofungwa kwenye magari ya RX-7.

Sababu ya kuipenda inaeleweka. Haina pistoni wala vali. Rota mbili na shafti yake ndiyo mashine yenyewe. Ni ndogo kwa umbo, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu, lakini nguvu zake ni nyingi. Hufungiwa gia ya kupunguza mzunguko, kwa kuwa propela haiwezi kwenda kasi kama injini yenyewe.

Lakini injini hiyo ina tabia yake. Katika injini ya rota moto huwaka upande ule ule siku zote, na hewa baridi huingia upande mwingine. Kwa hiyo upande mmoja unaungua na mwingine umepoa. Vipande vya alumini vimebanwa kati ya sahani za chuma kwa bolti ndefu, na kinachotenganisha maji na moto ni oringi za mpira. Ikichemsha vibaya hata mara moja, alumini hutanuka kuliko chuma, mpira hukauka, na injini ikishapoa maji hupenya ndani. Kwa nje utaiona nzima kabisa. Mfanyabiashara unayenunua injini ya mtumba, hilo liandike moyoni.

Jambo la pili ni oili. Rota hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake, na takriban theluthi ya joto la kupozwa hupita humo. Anayegharimia rejeta ya maji na kuokoteza kirejeta chochote cha oili ameziba tundu moja akaacha la pili wazi.

Jambo la tatu ndilo linaloua, nalo ni hewa. Gari lina feni, na ni nadra kukanyagwa mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Ndege hutumia nguvu zote pale inapopaa, pua juu, ikiwa bado na mwendo mdogo. Tena msukumo wa hewa haupungui sawa na mwendo: mwendo ukipungua nusu, msukumo hubaki robo. Kwa hiyo joto huwa jingi zaidi wakati upepo ni haba zaidi.

Wengi hudhani dawa ni kutoboa tundu kubwa mbele. Si kweli. Hewa hufuata njia nyepesi, na ikipata upenyo pembeni ya rejeta itaondoka bila kubeba joto. Inahitaji njia inayopanuka polepole ili ipunguze mwendo na kuongeza shinikizo, ipite yote ndani ya rejeta, kisha ipate pa kutokea. Elimu hii si siri. Mhandisi Meredith aliieleza nchini Uingereza miaka ya 1930, na ndege ya kivita P-51 Mustang iliitumia.

Kubana matumizi si kosa. Wamarekani hao wametumia hata vipande vya viyoyozi vya magari kuwa rejeta, na vikafanya kazi. Lakini walipima. Walijifunza pia kwamba geji ya joto ikikosa maji ya kupima inaweza kushuka huku injini inaungua, ndiyo maana wengine huongeza geji ya shinikizo la maji.

Nasi tuna mzigo wa ziada. Oshkosh iko kama mita 250 juu ya bahari. Kigali ni kama mita 1,500, Nairobi karibu 1,700. Huku kwetu maji yasiyobanwa kwa shinikizo huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Anayenakili vipimo vya Wisconsin neno kwa neno anajidanganya.

Wapo watakaosema nawakatisha vijana tamaa. La hasha. Marekani kwenyewe ndege yenye injini ya gari kwa kawaida hupewa takriban saa 40 za majaribio, bila abiria na mbali na makazi ya watu. Hiyo si kumkatisha mtu tamaa, ni kumtakia uhai.

Basi wewe uliyerudi na akiba yako, na wewe unayevusha mizigo, kabla ya kutoa senti omba mambo matatu. Onyeshwa kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Onyeshwa ndege imefungwa kamba chini, pua juu, injini inanguruma kwa nguvu zote. Halafu usitazame propela, tazama geji za maji na oili hadi utakapoona zimetulia. Zikizidi kupanda, funga mkoba wako, umwambie kijana arudi gerejini. Atanuna leo, lakini mama yake hatalia kesho.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa ndege ya injini ya gari, mwiba ni joto.