Nani Alituchagulia Nyimbo za Miaka ya Tisini?

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilialikwa kwenye tafrija ya kumuaga mwalimu mmoja aliyestaafu baada ya kuutumikia umma kwa zaidi ya miaka 30. Hotuba zilikuwa nyingi, chakula kilitosha, na ilipofika saa mbili usiku mshereheshaji alitangaza kwamba sasa tutarejea katika miaka ya 1990 na kusikiliza zile alizoziita nyimbo bora za wakati huo. Kwa muda wa saa moja na nusu tukapigiwa Whitney Houston, Spice Girls, Backstreet Boys, Britney Spears na wengine wa jamii hiyo. Haukupigwa hata wimbo mmoja wa Kiswahili. Haukupigwa wa Kilingala, wala wa Kizulu, wala wa Kiarabu. Mwalimu mwenyewe, ambaye shughuli ilikuwa yake, alikaa akitabasamu kwa adabu kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya watu asiowajua.

Mezani nilikuwa nimekaa na ofisa mmoja wa serikali, mtu mwenye shahada mbili na ninayemheshimu. Nilipomwuliza sababu ya jambo hilo alinijibu bila kusita. Nyimbo zetu za wakati ule, alisema, zilikuwa za hapa hapa. Wimbo hauwezi kuitwa bora wa kizazi ikiwa hausikiki nje ya mipaka, na lugha inayovuka mipaka ni Kiingereza. Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Nayaandika haya kumjibu, kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwa kuwa hoja yake inakwenda mbali kuliko muziki. Ni hoja ile ile inayotolewa kila linapozuka suala la lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Ni hoja ile ile inayomfanya mkuu wa idara aandike waraka kwa Kiingereza kibovu kwa watu kumi ambao wote, pamoja na yeye, wanazungumza Kiswahili kizuri. Hoja ya namna hiyo ikiachwa ipite kwenye tafrija, kesho itapita kwenye kikao.

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kuchoma kanda za wageni. Miaka ya 1990 ilinikuta mtoto, na redio kaseti ya nyumbani kwetu haikubagua. Ule wimbo wa Whitney Houston wa filamu ya The Bodyguard, uliotoka mwaka 1992, niliukariri wote kabla sijajua maana ya hata neno moja. Tulikuwa tukiimba sauti, si maneno. Naupenda hadi leo, nao ukitajwa katika orodha yangu hautoki. Ulikaa wiki 14 kileleni mwa orodha ya nyimbo za Marekani na ulistahili kukaa.

Lakini ndugu yangu ofisa anajua ulitoka wapi? Aliyeutunga ni Dolly Parton, binti wa mkulima maskini wa milima ya Tennessee, akautoa kwanza mwaka 1974 ukiwa wimbo wa watu wa mashamba. Lahaja ya milima ile, kwa watu wa miji mikubwa ya nchi hiyo hiyo, ni ya kuchekwa. Wimbo tuliofundishwa kuuona kuwa kilele cha umaridadi wa dunia ulianza kwa kuwa wimbo wa hapa hapa, wa watu wa kijijini.

Tuje sasa kwenye hiyo mipaka. Mwaka 1996 wimbo uitwao "Macarena" ulikaa kileleni nchini Marekani wiki 14, sawa kabisa na ule wa Whitney. Waimbaji wake, Los del Río, walikuwa wanaume wawili wa makamo kutoka kusini mwa Hispania, waliokuwa wameutoa kwao mwaka 1993. Huko Miami ukaongezewa beti za Kiingereza, lakini kiitikio, ambacho ndicho kila mtu alikishika, kilibaki Kihispania. Agosti mwaka huo, wajumbe wa chama cha Democratic waliokutana Chicago kumteua Bill Clinton kugombea tena urais walisimama ukumbini wakaucheza, mikono mabegani na viunoni kama watoto wa chekechea. Sidhani kama wengi wao wangeweza kueleza kilichoimbwa. Na wimbo wenyewe, kusema kweli, si mzuri. Siuweki katika orodha yangu hata kwa kulazimishwa. Nautaja kwa sababu moja tu, kwamba ulivuka mipaka yote bila kuomba ruhusa ya Kiingereza.

Au tumchukue Khaled, kijana wa Oran, Algeria. "Didi" ya mwaka 1992 iliimbwa kwa Kiarabu cha mitaani cha kwao, si kile cha vitabuni, nayo ikapigwa Paris hadi Bombay. Miaka miwili baadaye Youssou N'Dour wa Senegal aliimba na Neneh Cherry "7 Seconds", akaanza kwa Kiwolofu, lugha ambayo hata katika Afrika wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Wimbo huo ulikaa wiki 16 kileleni nchini Ufaransa. Huu naupenda sana, na sababu ni namna ile sauti ya N'Dour inavyoingia mwanzoni peke yake, bila haraka, kama mtu anayeanza kusimulia jambo analolijua vizuri.

Halafu yupo Brenda Fassie. "Vulindlela" ilitoka Afrika Kusini mwaka 1997, na hadi leo hakuna harusi ya hapa kwetu inayokwisha bila kupigwa. Neno hilo ni la kufungua njia. Ni mama anawaambia majirani wasengenyaji wapishe, mwanawe anaoa. Ni mama gani wa Manzese au wa Mwanjelwa asiyeyajua mambo hayo? Wanawake wa kwetu waliuelewa wimbo huo kabla hawajatafsiriwa, maana jirani msengenyaji hahitaji mkalimani. Mimi nikilazimishwa kuchagua wimbo mmoja tu wa muongo ule kutoka nje ya nchi yetu, nachagua huo, na Whitney anisamehe.

Ndugu yangu ofisa hakukosa jibu. Alinitajia Waswidi. Kweli, Waswidi ni watu wachache wenye lugha isiyosemwa mbali na kwao, na waliamua kuimba Kiingereza, wakatajirika. Wimbo uliomtambulisha Britney Spears mwaka 1998 ulitungwa na Mswidi, Max Martin. "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, ya mwaka 1999, aliitunga yeye pamoja na Mswidi mwenzake. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza.

Hata hivyo, hebu tuitazame kwa makini. Maneno ya huo wimbo wa Backstreet Boys hayana mantiki. Ubeti mmoja unakana mwingine, na hata wenye lugha yao wamebishana miaka mingi juu ya maana yake. Yalitungwa maneno mengine yaliyonyooka zaidi, yakarekodiwa, kisha wakayaacha wakarudi kwenye yale ya kwanza kwa kuwa yalikaa vizuri mdomoni. Basi kilichouza hapo ni Kiingereza? Kilichouza ni ufundi. Na ufundi huo ulipatikana wapi? Nchini Swidi, halmashauri za miji huendesha shule za muziki ambako mtoto hujifunza chombo kwa ada ndogo, tena kwa Kiswidi. Max Martin mwenyewe amesema hadharani kwamba anaishukuru elimu ya muziki ya umma kwa mafanikio yake. Ndugu zangu walimu wanajua vizuri kuliko mimi jinsi kipindi cha muziki katika shule zetu nyingi kinavyokuwa cha kwanza kugeuzwa kipindi cha hesabu mtihani unapokaribia. Tumeiga kwa Waswidi lugha waliyoiazima, tukaacha tarumbeta walilompa mtoto.

Sasa nitaje za kwetu.

Remmy Ongala alizaliwa Kivu, Kongo, akawa Mtanzania kuliko wengi waliozaliwa hapa. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu zake mwaka 1989 na 1992, kwa hiyo hilo dai la kutosikika nje na lianguke hapo hapo. Lakini wimbo wake ninaouweka juu ya zote ni "Mambo kwa Soksi". Ukimwi ulikuwa umegunduliwa nchini mwaka 1983, huko Kagera, na kufikia mwanzo wa muongo wa tisini kila ukoo ulikuwa umezika. Ongala akasimama akazungumza habari ya kondomu kwa jina la utani ambalo kila dereva na kila muuza genge alilielewa. Redioni wimbo ulionekana haufai. Ukaenea kwa kanda, kwenye mabaa na kwenye mabasi. Sisi wasomi tulikuwa tukitafuta msamiati wa staha, na mpiga gitaa alikuwa tayari amelisema jambo. Ni wimbo gani wa hao vijana wa Stockholm uliwahi kubeba mzigo kama huo?

Wapo watakaosema kizazi kipya cha wakati ule hakikusikiliza dansi, kilisikiliza rapu ya Marekani. Ni kweli, na mwanzo wake ulikuwa wa kuiga. Saleh Jabir alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" akauvika Kiswahili mwanzoni mwa muongo huo, na wakubwa wakacheka. Mwaka 1993 likazaliwa kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1998 Mr. II akatoa "Hali Halisi", na hapo hapakuwa tena na cha kuiga. Ulikuwa wimbo wa kijana asiye na kazi anayewatazama viongozi machoni. Mtunzi huyo baadaye aligombea ubunge kupitia chama cha upinzani, akashinda Mbeya Mjini mwaka 2010, na najua kuna watakaoninung'unikia kwa kumtaja katika ukurasa huu. Wimbo ni mzuri, na sikio halina kadi ya chama. Huko Nairobi, katika mwaka wa karibu na huo, vijana wa Dandora waitwao Kalamashaka walitoa "Tafsiri Hii", nao wakawaonyesha Wakenya kwamba Kiswahili kinaweza kuwa na makali ya wembe.

Na mipasho? Chama chenyewe kilianzisha TOT mwaka 1992. Ushindani wa Khadija Kopa na Nasma Khamis wa Muungano uliwajaza watu kumbini jijini Dar es Salaam, na miongoni mwao walikuwamo maofisa wengi ambao Jumatatu asubuhi walikuwa hawakumbuki walikuwa wapi. Taarabu ile wengine waliiona ya matusi. Mimi naona ilikuwa shule ya mafumbo, na mwalimu wa fasihi anayetaka kufundisha kejeli hana haja ya kwenda mbali.

Kwa nini basi nyimbo hizi hazikupigwa siku ile? Mshereheshaji si adui wa taifa. Alipiga kilichopatikana, na kinachopatikana ni kile kilichohifadhiwa. Nyimbo za Whitney zina wenyewe: zinatunzwa, zinasafishwa, zinatolewa upya. Za kwetu zilinakiliwa kanda kwa kanda katika vibanda vya barabarani, mtunzi asipate kitu, hadi Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipopitishwa mwaka 1999, muongo wenyewe ukiwa unafunga virago. Watu hukumbuka walichoachiwa wakumbuke. Nani alituchagulia? Aliyekuwa na ghala.

Wala wenzetu hawakudhani Kiswahili hakiuzwi. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King yenye wimbo "Hakuna Matata", uliotungwa na Elton John na Tim Rice, ukafikishwa kwenye mashindano ya tuzo za Oscar. Maneno hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuzungushwa dunia na Them Mushrooms wa Mombasa katika "Jambo Bwana", miaka zaidi ya kumi kabla. Hata hivyo, mwaka 2003 Disney ilikamilisha huko Marekani kuyasajili kuwa alama yake ya biashara. Ndugu yangu ofisa anasema Kiswahili hakivuki mipaka. Kilivuka, kikasajiliwa.

Nilimwambia yote hayo usiku ule, pengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa mezani. Akanisikiliza, kisha akakiri kwamba nyumbani kwake ana kanda ya Ongala, ila hana tena mashine ya kuipigia. Tulikwenda wote wawili kwa mshereheshaji kumwomba "Mambo kwa Soksi". Hakuwa nao. Ofisa atastaafu baada ya miaka kumi hivi. Tumekubaliana kwamba kanda ataileta yeye, na mashine nitaitafuta mimi.