Jaketi ya Mjengo Sasa Ni Luku, Lakini Msee wa Mjengo Anavaa Nini?

Simama stage ya Adams Arcade Jumamosi, kama saa tano asubuhi hivi, ucheki wasee wanaoshuka mathree za Ngong Road. Lazima utamwona huyu: jaketi ya kahawia, kitambaa nzito kama turubai, kola ya kodroi, suruali yenye magoti yameshonwa mara mbili, chini buti za manjano. Ukimwangalia haraka unadhani anaenda kumwaga zege. Wapi! Anaenda kunywa kahawa na kupigwa picha mbili za Instagram.

Sasa geuza macho. Ng'ambo ya barabara kuna msee mwingine ametoka Kibera na mguu, anaenda site Kilimani. Huyu ndiye anamwaga zege kweli. Na amevaa nini? Tisheti ya kampeni ya uchaguzi uliopita na raba zinazochungulia kidole.

Nguo za kazi zimekuwa luku, na mwenye kazi amebaki bila. Manze, hii si stori ya fashoni peke yake.

Hizi vitu hazikuanza kama drip. Hamilton Carhartt alianza kushona ovaroli Detroit mwaka wa 1889, akilenga watu wa reli. Dickies ikaanza Texas mwaka wa 1922. Ile buti ya manjano ya Timberland ilitoka 1973, ikitengenezewa watu wanaofanya kazi nje kwa baridi na maji. Halafu miaka ya 90 marapa wa New York wakaivaa, na dunia yote ikafuata. Mwaka wa 1994 Carhartt WIP ikaanza Ulaya: jina ni lile lile la nguo za kazi, lakini mkato ni wa vijana wa mjini.

Kwetu hazikuingia kwa mlango wa duka. Ziliingia ndani ya bale. Kutoka Adams mpaka Toi Market ni dakika chache tu na mguu, na kwa miaka mingi jaketi nzito hapo zilikuwa za makanika, soja wa usiku, na wale wanaoenda sokoni saa kumi alfajiri. Baridi ya Julai unaijua. Hakuna mtu alikuwa anauliza lebo. Swali lilikuwa moja: inashika joto ama haishiki?

Kisha simu zikabadilisha mchezo. Kama hujui mitumba inavyoenda, iko hivi: bale ikifunguliwa kuna wasee wamejipanga hapo tayari. Zile kali zinachomolewa kwanza, ndizo zinaitwa camera. Zinazobaki zinashuka bei, zinashuka tena, mpaka zinafika fagia, rundo la mwisho. Zamani jaketi yenye doa la oili na kiwiko kimechanika ilikuwa inaishia fagia, na hapo ndipo mtu wa mkono alikuwa anaipata. Siku hizi doa ndilo linauza. Kiwiko kimechanika? Wanasema iko na karakta. Jaketi haifiki chini tena.

Tuseme ilikuwa inaenda punch. Dealer anaichukua, anaifua, anaipiga picha kwa ukuta wenye michoro, anaipandisha mtandaoni kwa thao tatu. Kwako hiyo inaweza kuwa bei ya wikendi moja. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, hizo ni siku kadhaa za kubeba mawe bila kula.

Na simlaumu dealer. Wengi wao ni vijana kama sisi, wamemaliza shule, kazi hakuna, wakaona gap wakaingia. Hata mimi ningeingia kama ningekuwa na jicho la nguo. Na sikatai kwamba hizo luku zinatokelezea.

Shida iko mahali pengine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wanaokabiliwa na hatari mavazi ya kuwakinga. Kazi ya kumvisha mtu wa mjengo haikupaswa kuwa ya bale. Lakini ndivyo tumeishi: mwajiri ananyamaza, Toi inaziba pengo.

Hata serikali inajua tunavyotegemea hizi nguo. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe polepole mpaka 2019. Marekani ikatishia kuwanyima soko la AGOA, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilikaa ngumu, na 2018 nguo zake zikapoteza ile nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Sisi tukabaki na bale, na sasa hata bale inamruka mtu wa chini.

Naongea hivi kwa sababu nimekuwa hapo. Nilipoacha chuo nilipiga mjengo miezi michache. Helmeti za site zilikuwa nne, na zilikuwa zinatoka stoo siku ambayo inspekta anatarajiwa. Wiki ya kwanza bega langu lilichubuka na mawe mpaka nikashindwa kulala upande huo. Jamaa mmoja mzee wa site akaniambia, "Kijana, enda Toi utafute jaketi nzito, usijifanye mwanaume." Nikaenda, nikapata moja ya kahawia, zipu mbovu. Ile kitu iliokoa bega langu.

Jioni moja nikitoka kazi nilipita mall fulani nayo, imejaa simiti. Soja akanisimamisha mlangoni: "Wafanyakazi wanapitia nyuma." Miaka miwili baadaye nikaingia mlango ule ule na jaketi ile ile, tofauti ni kwamba ilikuwa imefuliwa na nina raba safi. Nikaambiwa, "Karibu, boss." Ndani dem mmoja akaniuliza nimeitoa wapi, kama naweza kumuuzia.

Sikuuza. Nilimpa kijana wa ploti yetu aliyekuwa anaanza mjengo Jumatatu.

Sisemi uchome jaketi yako. Vaa, tokelezea. Lakini kama baba yako, anko wako ama landlord wako anajenga, muulize wale wasee wake wamevaa nini. Na hiyo Jumatatu ukipita site ya karibu na kwenu, kabla hujapiga pozi na buti zako za manjano, angalia kwanza miguu ya wanaopanda ngazi na ndoo za zege. Wangapi wako na buti?