Injini inayovuja oili baada ya matengenezo, kazi yake haijaisha

Kidugala hatuna ziwa, lakini mkoa wetu wa Njombe una ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Ludewa, na yanayozipata boti za huko yanatuhusu. Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo; malori yamevuta mafundi wa dizeli na maduka ya vipuri. Mwenye boti wa Lupingu au Manda ambaye injini yake imekula beringi hana budi kutazama huku juu. Injini inafumuliwa, inafungwa upya, inawashwa dakika chache gereji, fedha zinalipwa zote, inateremshwa milima. Ikianza kudondosha oili ikiwa ziwani, jibu la simu huwa moja: ongeza oili, itaacha yenyewe. Jibu hilo lisikubaliwe. Na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi isubiri mpaka injini iwe imejaribiwa majini, boti ikiwa na mzigo.

Sababu iko kwenye injini yenyewe. Ikiwa gereji, injini inasimama sawasawa, haivuti kitu, na inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha. Ndani ya boti hulazwa kidogo kufuata shafti ya propela, hivyo oili hulalia upande wa nyuma, ilipo sili ya krenki. Kisha inavuta mzigo saa kadhaa mfululizo, oili inakuwa nyepesi na kupenya mahali ambapo ikiwa baridi isingepita. Hapo ndipo uzembe mdogo unapojitokeza: sili iliyogongwa kwa nyundo ikaingia upande, gasketi ya filta ya zamani iliyonata mahali pake na filta mpya ikafungwa juu yake, bomba la kupumulia lililoziba likaifanya injini isukume oili nje. Kila kosa lina dawa yake, na kukaza nati zote kwa nguvu si dawa ya hata moja. Kava nyembamba ikikazwa kupita kiasi inajikunja na kuvuja zaidi. Fundi makini huosha injini yote, huikausha, huipaka poda nyeupe kwenye maungio, kisha huiwasha na kuanza kutazama juu, si chini. Tone linaloning'inia kwenye sampu linaweza kuwa limeanzia kava ya valvu, likateremka ubavuni, upepo wa feni au mwendo ukalisukuma nyuma. Poda ndiyo inayoonyesha mstari wa kwanza kulowa.

Wapo wanaosema tone moja si kitu. Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, na kwa kuwa matone kama 20 hufanya mililita moja, hiyo ni karibu mililita 180. Safari ya saa kumi inakula karibu lita 1.8. Kwa injini inayobeba lita sita za oili, huo ni upungufu wa kuua beringi zile zile zilizobadilishwa juzi, katikati ya ziwa ambalo kina chake kinafikia mita zipatazo 700. Oili ikirukia eksozi inaweza kuwaka: kanuni za kimataifa za usalama wa meli, SOLAS, zinataka sehemu zenye joto la juu ya nyuzi 220 zinazoweza kurukiwa na mafuta zifunikwe. Zimeandikwa kwa meli kubwa, lakini abiria wa boti ya mbao ana mahali pachache zaidi pa kukimbilia. Halafu oili iliyojaa chini ya boti hutupwa pamoja na maji machafu katika ziwa lile lile wanamovuliwa usipa na yanamochotwa maji ya kunywa. Hilo linaniumiza kuliko hasara ya mwenye boti.

Mafundi watanijibu kwamba injini iliyofungwa upya hutoa jasho. Kweli, oili iliyopakwa wakati wa kufunga hubaki nje na kutoa moshi mwanzoni. Lakini hiyo ukiifuta haitarudi. Mvujo hurudi mahali pale pale. Watasema pia kwamba mwenye boti huenda alijaza oili kupita alama, au alitumia oili hafifu. Inawezekana kabisa, ndiyo maana jaribio la pamoja linamlinda fundi pia: kipimo kinasomwa wote wakiwepo. Pingamizi zito ni umbali. Safari ya Makambako hadi ufukweni ni ghali, na fundi hawezi kufunga gereji kwa kila injini. Basi gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, au fundi wa kule ziwani alipwe kufanya jaribio kwa niaba ya mwenzake, kwa saa mbili za mwendo wa mzigo. Nauli ya mtu mmoja ni nafuu kuliko kuipandisha injini nzima tena.

Yote haya yanatosha kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili: kazi iliyofanywa, vipuri vilivyowekwa, aina na kiasi cha oili, siku ya jaribio, na fedha iliyobaki. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hukagua vyombo, lakini mkaguzi hayupo siku injini inaposhushwa kwenye lori. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na wenye boti za abiria wapo siku hiyo, na wanaweza kuizuia boti isipakie watu mpaka karatasi hiyo ionekane.