Mwajiri Asiyehojiwa: Nani Aongoze Bodi ya Hospitali Kuu ya Kenyatta?

Kila Ijumaa, katika Barabara ya Haile Selassie hapa jijini Nairobi, Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali hutoa Gazeti Rasmi. Ni chapisho lisilo na picha wala mbwembwe, na wananchi wengi hawajapata kulishika mikononi. Lakini wapo watu wanaolisubiri kwa hamu kuliko mkulima anavyoisubiri mvua ya masika. Hao ni wale waliodokezewa kwamba majina yao huenda yakatokea miongoni mwa wenyeviti wapya wa mashirika ya umma. Jina likitokea, simu za pongezi hulia usiku kucha, mbuzi huchinjwa kijijini, na viongozi wa eneo humshukuru Rais kwa kuwakumbuka watu wao.

Kilomita chache kutoka hapo, ukipanda kuelekea Upper Hill, ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mama aliyeketi kwenye benchi akisubiri mwanawe atoke katika chumba cha upasuaji hana habari ya Gazeti Rasmi. Hajui kwamba miongoni mwa majina hayo huenda likawamo la mtu atakayekuwa na sauti juu ya dawa zitakazonunuliwa, mkurugenzi atakayeajiriwa na malalamiko yatakayosikizwa. Naye mteuliwa, yamkini, hajapata kukaa kwenye benchi hilo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kiti hicho kimoja, yaani uenyekiti wa bodi ya hospitali kubwa kuliko zote za umma katika nchi hii. Kiti hicho kwa kawaida hutolewa kwa kipindi cha miaka mitatu, na kila kipindi kinapokwisha sisi wananchi hukaa kimya kana kwamba jambo hilo si letu.

Tuanze na historia. Hospitali hii ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikiitwa Native Civil Hospital. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikapewa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Kwa miaka mingi iliendeshwa moja kwa moja na Wizara ya Afya. Mwaka 1987, kwa Tangazo la Kisheria nambari 109, ikafanywa shirika la umma lenye bodi yake. Nia ilikuwa njema. Ilitakikana maamuzi ya hospitali yafanywe na watu wanaoijua hospitali, si na maofisa wa wizara wenye mambo mengine mia mezani. Leo ina vitanda zaidi ya 1,800, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kila pembe ya nchi, na ndiko wanakofunzwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Basi shirika lenye ukubwa huo humpata vipi mwenyekiti wake? Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1986, katika kifungu cha 6, ilimpa Rais uwezo wa kumteua. Sheria hiyo ilipotungwa nchi ilikuwa chini ya chama kimoja, na karibu kila kitu kilianzia Ikulu na kuishia Ikulu. Haikutaka nafasi itangazwe. Haikutaka mtu aulizwe anajua nini juu ya hospitali. Jina lilitoka juu, likachapishwa, mambo yakaisha.

Hapa ndipo penye kichekesho ambacho hakichekeshi. Bodi ikitaka afisa mkuu mtendaji, aghalabu nafasi hutangazwa magazetini. Wanaoitaka hutakiwa kuonyesha shahada, miaka ya uzoefu, cheti cha polisi cha tabia njema na cha mamlaka ya ushuru. Kisha huitwa, wakaketishwa mbele ya jopo, wakahojiwa hadi jasho likawatoka. Na ni nani aongozaye bodi inayohoji? Ni mtu ambaye yeye mwenyewe hakuhojiwa na yeyote. Mwajiriwa amepimwa, mwajiri hakupimwa. Hata fundi wa kushona nguo hukubali kuonyesha kazi yake kabla ya kukabidhiwa kitambaa.

Wapo watakaosema kwamba mwenyekiti si mtendaji, kwamba hatibu mgonjwa hata mmoja, na kwamba kuja kwake mara chache kwa mwaka kuongoza kikao hakuwezi kuua wala kuponya. La hasha. Kazi ya mwenyekiti ni kuuliza maswali ambayo hakuna mwingine awezaye kuyauliza. Muuguzi hawezi kumwuliza mkurugenzi kwa nini zamu ya usiku ina watu wawili. Mgonjwa hana mlango wa kuingilia. Waziri yuko mbali, tena ana nchi nzima mabegani. Mwenyekiti ndiye mtu pekee aliyewekwa na sheria karibu kiasi cha kuona na mbali kiasi cha kutoogopa. Asipouliza yeye, swali halipo.

Tukumbuke yaliyotukia. Mwezi Machi mwaka 2018 nchi ilishtuka kusikia kwamba katika hospitali hiyo mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa kwa kudhaniwa ni mwingine. Ghadhabu ilipopanda, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bi Sicily Kariuki, alimpeleka afisa mkuu, Bi Lily Koros, kwenye likizo ya lazima. Madaktari na wauguzi waliohusika wakasimamishwa kazi. Nauliza: ni wangapi miongoni mwetu wanaolikumbuka jina la mwenyekiti wa bodi wa wakati ule? Mkurugenzi alijulikana, waziri alijulikana, lakini bodi, ambayo kisheria ndiyo msimamizi, ilikuwa kama kivuli cha adhuhuri.

Mwaka 2025 tukashtuka tena. Mwezi Februari mgonjwa aliuawa akiwa wodini. Mwezi Julai akauawa mwingine, naye akiwa kitandani mwake. Sisemi kwamba bodi ilinyamaza kati ya Februari na Julai. Nasema kwamba mwananchi wa kawaida hana njia ya kujua ni maswali gani yaliyoulizwa, na nani, na yalijibiwaje. Mtu akiuawa mahali alipokwenda kutafuta uhai, jamaa zake wanastahili kujua ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba jambo hilo halitukii mara ya pili.

Huenda msomaji akadhani natamani mambo yasiyokuwa katika sheria zetu. Sivyo. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Kifungu cha 73 chataka viongozi wachaguliwe kwa uadilifu, uwezo na kufaa kwao. Kifungu cha 43 chatupa kila mmoja haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Mwaka 2015 serikali yenyewe ilizindua kanuni za uongozi bora wa mashirika ya umma, zijulikanazo kwa jina la Mwongozo. Hatuna upungufu wa maandishi mazuri katika nchi hii.

Tena mahakama nayo imesema. Mwezi Juni mwaka 2018 serikali iliteua kwa mkupuo wenyeviti na wanachama zaidi ya 120 wa bodi za mashirika ya umma. Shirika la Katiba Institute lilikwenda kortini, na mwaka 2021 Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu akaamua kwamba uteuzi huo ulikiuka Katiba, kwa kuwa haukuwa wa wazi wala wa ushindani. Mtu angetarajia kwamba tangu siku hiyo matangazo ya kuwatafuta wenyeviti yangejaa magazetini. Badala yake, majina yameendelea kutokea Ijumaa kama yalivyozoea kutokea, na miongoni mwayo hayakosi ya wanasiasa walioangushwa na wapiga kura. Mwananchi akishamkataa mtu debeni, hurudishiwa mtu huyo huyo kwa mlango wa nyuma, amsimamie akiwa mgonjwa.

Wenzetu wanafanyaje? Uingereza, ambako tulirithi mengi, ilianzisha taasisi za kuendesha hospitali za umma kwa sheria ya mwaka 1990. Haukupita muda, watu wakanung'unika kwamba bodi zake zilijazwa marafiki wa chama kilichotawala. Mwaka 1995 kamati iliyoongozwa na Lord Nolan ikapendekeza awekwe kamishna huru wa kuchunguza uteuzi wa umma, naye akawekwa mwaka huo huo. Leo mtu akitakiwa kuongoza bodi ya hospitali ya umma kule, nafasi hutangazwa, sifa zinazotakikana huandikwa, na waombaji huhojiwa.

Lakini tusidanganyane kwamba tangazo la gazetini ni dawa ya kila ugonjwa. Ni katika nchi hiyo hiyo palipotokea mkasa wa hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliteseka kwa miaka kadhaa hadi 2009. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis, iliyotolewa mwaka 2013, ilieleza jinsi bodi ilivyoshughulika na hesabu za fedha na cheo cha taasisi yao, huku ikishindwa kuwasikiliza wagonjwa na jamaa zao. Kwa hiyo haitoshi kumpata mwenyekiti kwa njia ya wazi. Ni lazima awe mtu mwenye masikio.

Na hili la masikio nalijua kwa kuonja. Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza mjomba wangu katika hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja. Dawa aliyoandikiwa haikuwapo, nikaambiwa nikainunue nje. Nilirudi nayo, nikakuta faili lake limepotea. Nilipouliza ni nani wa kulalamikiwa, muuguzi aliyekuwa amechoka kuliko mimi alininyoshea kidole kwenye sanduku la maoni lililotundikwa ukutani. Nililisogelea nikiwa na karatasi yangu. Kufuli lake lilikuwa limeshika kutu. Bila shaka halikuwa limefunguliwa kwa muda mrefu. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Sasa tuyatazame mapingamizi, maana yapo, na mengine yana uzito. Kuna wanaosema kwamba Rais ndiye aliyechaguliwa na wananchi, kwa hiyo ana haki ya kuwaweka watu anaowaamini. Sipingi. Jopo huru laweza kuwahoji waombaji na kumpelekea Rais majina matatu, naye akachagua moja. Imani yake itabaki palepale, ila itakuwa imani juu ya mtu aliyepimwa.

Wengine husema mwenyekiti wa hospitali sharti awe daktari. Naona si lazima. Madaktari hawakosekani Kenyatta, na wengine hushindwa kuwauliza wenzao maswali magumu. Mhasibu mstaafu mwaminifu, mwalimu mkuu aliyeongoza shule kubwa bila doa, au muuguzi mkongwe anayezijua wodi usiku na mchana, kila mmoja wao aweza kufaa. Jambo la msingi ni kwamba ajue kuyasoma mahesabu, asiwe anafanya biashara na hospitali yeye wala jamaa zake, asiwe mwanachama hai wa chama cha siasa, na awe na nafasi ya kufika wodini bila kupiga hodi.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Wasomaji wataniambia kwamba katika nchi hii hata mahojiano yamekuwa mchezo wa kuigiza, kwamba tangazo hutolewa huku mwenye kazi keshajulikana. Ni kweli, tumeyaona. Lakini udanganyifu unaofanywa hadharani huacha alama. Orodha ya waombaji ikichapishwa, alama walizopata zikichapishwa, na mahojiano yakifanywa mbele ya waandishi wa habari kama yanavyofanywa ya majaji wakuu, atakayependelea atatakiwa kueleza kwa nini wa tano alimpita wa kwanza. Jina linaloshuka kimyakimya siku ya Ijumaa halidai maelezo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu, tena yasiyohitaji fedha za mkopo. Kwanza, nafasi ya uenyekiti itangazwe angalau miezi mitatu kabla ya kipindi kumalizika, na sifa ziandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili ili hata yule mama wa kwenye benchi azisome. Pili, katika jopo la mahojiano wawemo mwakilishi wa wagonjwa na mwakilishi wa wauguzi, maana siri ya mtungi aijuaye ni kata. Tatu, kila mwaka mwenyekiti atoe ripoti ya hadhara, aeleze ni malalamiko mangapi yaliyopokelewa, mangapi yaliyotatuliwa, na ni wagonjwa wangapi waliodhurika kwa makosa ya hospitali. Akishindwa kueleza, asipewe kipindi cha pili.

Naam, natambua kwamba matatizo ya Kenyatta hayatokani na kiti kimoja. Kuna uhaba wa fedha, kuna madeni, kuna migomo kama ile ya siku 100 ya madaktari iliyomalizika Machi 2017. Bima nayo ilibadilishwa Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua mahali pa hazina ya zamani. Mwenyekiti hodari hataleta muujiza katika hayo. Lakini mwenyekiti asiyejua kwa nini aliwekwa pale hatapigania hata shilingi moja ya hospitali, kwa kuwa kiti chake kwake ni malipo ya kazi aliyoifanya kwingine.

Kutoka Mtaa wa Harambee, ziliko ofisi za wakubwa, hadi lango la Kenyatta ni mwendo ambao mtu mwenye afya aweza kuumaliza kwa miguu asubuhi moja. Namwomba mwenyekiti ajaye, awe nani, autembee mwendo huo siku yake ya kwanza. Aingie kwa lango wanaloingilia wagonjwa, apange foleni, aketi kwenye benchi pamoja na wanaosubiri. Kisha aulize sanduku la maoni liko wapi, na ufunguo wake anao nani.